Mtazame Kondoo Kwanza

Ndugu zangu, walimu na wanafunzi wa sanaa, asanteni kwa kuja. Naomba taa zizimwe kidogo tuitazame picha moja kwa utulivu, kabla sijaanza kueleza chochote.

Kondoo amelazwa juu ya meza ya kijivu. Nyuma yake ni giza tupu. Miguu yake minne imekusanywa pamoja na kufungwa kamba, kichwa kimetua mezani kama cha mnyama aliyekwisha kupigana na kamba hiyo akashindwa. Bado yu hai. Sufu yake imechorwa kwa subira kubwa, mpaka unaona palipojisokota na palipochafuka. Aliyeichora ni Francisco de Zurbarán wa Hispania, kati ya mwaka 1635 na 1640, nayo iko katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Ni picha ndogo, upana wake kama sentimita 62 tu. Hamna mtu ndani yake, wala kisu, wala malaika. Zurbarán alichora kondoo wa namna hii zaidi ya mara moja, na katika picha iliyoko San Diego alimwekea mduara wa nuru kichwani, ili kila atazamaye ajue kuwa huyu ni Mwanakondoo wa Mungu. Katika hii ya Madrid hakumwekea. Alimwacha awe kondoo wa zizini, mwenye joto na harufu yake, na maana akatuachia sisi tuitafute.

Nimeanza na picha hii kwa sababu ndiyo iliyonibadilisha macho. Kwa miaka mingi nilizitazama picha za wachungaji kama wengi tunavyozitazama. Jicho lilimkimbilia mtu: sura yake, fimbo yake, mavazi yake. Kondoo nikawaona kama majani au mawingu, vitu vya kujazia nafasi. Siku hizi naanza na kondoo. Nauliza: huyu ana uzito? Anamtazama nani? Ameshiba? Kama amebebwa, ameridhika kubebwa? Na kama hayupo kabisa, ameondolewa na nani? Mchoraji anaweza kumpamba mchungaji atakavyo, lakini anachokiamini hasa kuhusu wenye nguvu na wasio na nguvu kimeandikwa mwilini mwa mnyama. Hilo ndilo ninalotaka kuwaonyesha leo.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaingia katika somo hili tukiwa tumeshasaidiwa na lugha. Anayelisha mifugo tunamwita mchungaji, na anayeongoza waumini kanisani tunamwita mchungaji, bila hata kufikiri kwamba tumetumia ishara. Waislamu wamelelewa na hadithi ya Mtume kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mtoto akianza kusema ovyo huambiwa achunge ulimi wake. Kuchunga, basi, ni kutoondoa jicho kwenye kitu kinachoweza kupotea au kuumia. Tena kati ya mchungaji na mchongaji tofauti ni irabu moja, na kila ninapoandika juu ya sanamu hizi kalamu hunitelezea. Sijali sana. Kuna wachongaji waliomchunga kondoo vizuri kuliko wachungaji wengi.

Wa kwanza kuidaka ishara hii walikuwa wafalme. Farao wa Misri huonyeshwa ameshika kifuani fimbo fupi iliyopinda kichwa, pamoja na mjeledi. Katika maandishi ya Kimisri alama ya fimbo hiyo ilisomeka kuwa kutawala. Hammurabi wa Babeli, kwenye utangulizi wa sheria zake, anajiita mchungaji. Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, naye humwita mfalme Agamemnon mchungaji wa watu, na tunajua Agamemnon aliwapeleka watu wake wapi: kwenye vita vya Troya. Ukiyatazama yote haya unaona fimbo imebaki na kundi limetoweka. Kwa mtawala neno hili ni tamu mno, maana linamfanya mwenye amri aonekane mwenye huruma, na halimruhusu anayetawaliwa kusema, kwa kuwa kondoo hasemi.

Fimbo hiyo ilifika hadi mikononi mwa maaskofu, nao wanaishika mpaka leo. Lakini Kanisa Katoliki lina kitu kingine ambacho mimi nakithamini zaidi: palio, ukanda mwembamba wa sufu nyeupe ambao Papa na maaskofu wakuu huuvaa mabegani. Huko Roma, tarehe 21 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Agnes, wanakondoo hubarikiwa, na sufu ya wanakondoo huingia katika kufuma palio hizo. Jina Agnes linakaribiana kwa sauti na neno la Kilatini la mwanakondoo, na wachoraji wamemchora mtakatifu huyo na mwanakondoo kando yake kwa karne nyingi. Maana ya palio ni kondoo aliyebebwa shingoni. Fimbo husema ninaongoza. Palio husema nimebebeshwa. Katika kutazama picha, mimi huuliza ni ipi kati ya hizo mbili mchoraji aliiamini.

Sasa twende kwa huyo aliyebeba. Asili yake ni ya zamani kuliko Ukristo. Katika jumba la makumbusho la Akropoli, Athens, kuna sanamu ya marumaru ya mwaka 560 KK hivi. Ni mwanamume mwenye ndevu aliyembeba ndama mabegani. Ndiyo, ni ndama, na naomba mnisamehe kumwingiza hapa, kwa sababu umbo hili ndilo lililokuja kumpokea kondoo. Mchongaji aliipitisha miguu ya ndama kifuani na mikono ya mtu ikaikamata, hata miguu na mikono ikaandika msalaba wa mshazari kifuani. Vichwa viwili vinakaa karibu, cha mtu na cha mnyama, vyote vinatazama mbele. Anampeleka ndama kwa mungu wa kike Athena, yaani anampeleka kutolewa sadaka. Upendo ule na kisu kile vinakaa pamoja, na Wagiriki hawakuona haja ya kuvitenganisha.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2, anasimulia kwamba mji wa Tanagra uliwahi kupatwa na tauni, na mungu Hermes akaiondoa kwa kubeba kondoo dume mabegani na kuzunguka naye kuta za mji. Tangu hapo, kwenye sikukuu ya Hermes, kijana aliyeonekana mzuri kuliko wenzake alibeba mwanakondoo akauzunguka mji vilevile. Warumi waliipenda sura hiyo, wakaichonga kwenye majeneza yao ya mawe kuwa ishara ya utu na wema kwa wengine.

Kwa hiyo Wakristo wa kwanza walipotaka kumchora Kristo kwenye makaburi yao ya chini ya ardhi, sura ilikuwa tayari. Katika katakombe ya Priscilla mjini Roma, karne ya 3, yumo darini: kijana asiye na ndevu, kanzu fupi ya kazi, mnyama mabegani. Mbali huko, Dura-Europos kando ya mto Frati, kulikuwa na nyumba ya kawaida iliyogeuzwa kanisa, na kwenye ukuta nyuma ya birika la ubatizo mtu fulani alichora, karibu mwaka 240, mchungaji aliyebeba kondoo dume mkubwa kupita kiasi. Mji ule ulihusuriwa na Waajemi na kufukiwa, na picha ikatoka ardhini katika miaka ya 1930. Mchoro wenyewe ni duni, mistari imekwenda haraka. Lakini kondoo ni mzito! Ameyajaza mabega yote. Ninapofikiria mtu aliyevuliwa nguo, akateremka majini, akainua macho na kuuona mzigo ule juu ya shingo ya mwenzake, naelewa kwa nini aliyechora hakuhangaika na uzuri wa uso.

Baadaye dola ikaingia kanisani, na kondoo wakashushwa chini.

Tazameni jengo liitwalo kaburi la Galla Placidia, mjini Ravenna, Italia, la kati ya mwaka 425 na 450. Nakshi za vijiwe vya rangi juu ya mlango zinameta kama zilimalizwa jana, na sioni aibu kukiri kwamba ni moja ya vitu vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuvitazama. Kristo amekaa juu ya mwamba. Kanzu yake ni ya dhahabu, joho la zambarau, rangi ya makaisari, na mahali pa fimbo ameshika msalaba mrefu wa dhahabu. Kondoo sita, watatu huku na watatu huku, wote wamemgeuzia macho kama watumishi wa ikulu. Hakuna aliyebebwa. Zamani za mateso ya Wakristo kondoo alikuwa amepotea na akarudishwa. Hapa kundi limekamilika, limepangwa, linatii. Mkono mmoja tu unaokoa picha hii isiwe ya mfalme kabisa: Kristo amemnyoshea kondoo mmoja mkono na kumgusa mdomo, kama mtu afanyavyo na mnyama anayemjua. Jirani na hapo, katika kanisa la Mtakatifu Apollinaris huko Classe lililowekwa wakfu mwaka 549, mpangilio umeongezeka tena. Askofu amesimama katikati ya majani mabichi akiwa ameinua mikono, na kondoo 12 wanamjia kwa mistari miwili iliyonyooka. Juu yao wako wengine watatu, ambao ni Petro, Yakobo na Yohana. Mitume wamekuwa kondoo na askofu amebaki mtu. Fikirieni hilo kidogo.

Watu wa wakati ule walijua kwamba mambo haya si madogo. Mwaka 692 maaskofu waliokutana Konstantinopoli waliamua kwamba Kristo asichorwe tena kama mwanakondoo, achorwe kwa sura ya kibinadamu. Roma haikukubali, Papa Sergius I, katika miaka hiyohiyo, aliagiza sala ya Mwanakondoo wa Mungu iimbwe ndani ya misa. Kwa sababu hiyo mwanakondoo ameendelea kuishi katika sanaa ya magharibi mwa Ulaya kuliko mashariki.

Na huko magharibi alifika Ghent, mji wa Ubelgiji ya leo. Mwaka 1432 mchoraji Jan van Eyck alimaliza picha kubwa ya kuwekwa altareni iliyoanzwa na kaka yake Hubert. Katikati, juu ya altare iliyozungukwa na malaika, amesimama mwanakondoo, damu inatoka kifuani inaingia kikombeni. Kwa zaidi ya miaka 400 watu walimwona kondoo mwenye uso wa kawaida, mpole, asiyemtazama mtu yeyote. Kisha mafundi wa kuhifadhi picha wakagundua kwamba uso huo ulipakwa katikati ya karne ya 16 juu ya uso mwingine. Walipoondoa rangi ile ya juu, mwishoni mwa miaka ya 2010, akajitokeza kondoo wa van Eyck mwenyewe: macho yametazama mbele kama ya binadamu, yamekaza, yanakuangalia wewe. Watu wengi walishtuka, wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba kuna mtu, miaka 100 na zaidi baada ya van Eyck, alisimama mbele ya macho yale akaona hayavumiliki, akachukua brashi akamrudisha kondoo katika ukondoo wake. Kondoo asiyekutazama ni rahisi kumwabudu.

Upande wa pili wa historia hii hauna kanisa. Ni ile ndoto ya malisho, Arkadia, ambako wachungaji wanapiga zumari kivulini na hakuna anayeonekana kufanya kazi. Arkadia halisi ni nchi ya milima na mawe huko Ugiriki. Virgil, mshairi wa Roma ya kale, ndiye aliyeigeuza kuwa bustani ya mioyo. Lakini naomba msimsingizie Virgil. Shairi lake la kwanza la wachungaji, la muda mfupi baada ya mwaka 42 KK, linafunguka na mtu aliyenyang'anywa shamba lake kwa sababu ardhi inagawiwa askari. Anaswaga mbuzi wake kwenda asikokujua, na mmoja amezaa mapacha njiani, akalazimika kuwaacha juu ya jiwe tupu. Ndoto ya malisho ilianza na mtu aliyepokonywa malisho. Wachoraji wa baadaye waliokota zumari, wakawaacha wale watoto wa mbuzi juu ya jiwe.

Sasa mtazameni Nicolas Poussin, Mfaransa aliyeishi Roma. Picha yake iliyoko katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, ya karibu mwaka 1638, inawaonyesha wachungaji watatu na mwanamke mmoja wamekutana na kaburi la mawe. Mmoja amepiga goti, anafuata kwa kidole herufi zilizochongwa kwa Kilatini. Maneno hayo wengi huyaelewa hivi: hata Arkadia, mimi nipo, na anayesema ni kifo. Kivuli cha mkono wa yule aliyepiga goti kimeanguka juu ya jiwe. Ni picha yenye heshima kubwa, na vitabu vingi vimeandikwa juu yake. Nami nauliza swali langu la kawaida: kondoo wako wapi? Hawapo. Hakuna hata mmoja. Wachungaji wana fimbo, wana mashada vichwani, na hawana cha kuchunga. Wamekuwa watu wanaofikiri. Mpaka hapo neno mchungaji limegeuka kuwa jina la mtu mwenye muda.

Karne iliyofuata François Boucher aliwarudisha kondoo, weupe kama pamba, kwenye picha za mahaba zilizotundikwa katika nyumba za matajiri wa Paris. Wachungaji wake wa kike wamevaa hariri na nyayo zao hazijawahi kukanyaga mwiba. Mwaka 1783 Malkia Marie Antoinette akaanza kujengewa kijiji kizima cha kuigiza maisha ya shamba, huko Versailles. Sitakaa hapo, ustadi wa Boucher naukubali, lakini kondoo wake hawana matumbo.

Wenye matumbo ni wa William Holman Hunt, Mwingereza. Mwaka 1851 alichora mchungaji wa mshahara, kwa kufuata yale maneno ya Injili ya Yohana kuhusu mtu ambaye kondoo si mali yake, naye akimwona mbwa mwitu hukimbia. Picha iko Manchester. Kijana mwekundu wa jua ameinama begani mwa msichana, anamwonyesha nondo aliyemkamata, nondo mwenye alama kama fuvu la kichwa mgongoni. Msichana ana mwanakondoo mapajani, na mwanakondoo huyo amepewa matofaa mabichi yasiyomfaa. Nyuma yao kundi linapenya kuingia katika ngano. Anayejua mifugo anajua kinachofuata, maana kondoo akivamia ngano tumbo huvimba, na anaweza kufa. Baadhi yao wameshalala chini. Jua linawaka, rangi zinacheka, kila jani limechorwa, na katikati ya uzuri huo wote wanyama wanakufa polepole kwa sababu mtu mmoja ameondoa jicho. Hunt alieleza baadaye kwamba aliwalenga viongozi wa dini waliozama katika mabishano yasiyomfaa mtu, huku watu wao wakiangamia. Hakumchora mbwa mwitu, na hakumhitaji.

Mwaka uliofuata akawachora kondoo peke yao, juu ya majabali ya pwani ya kusini mwa Uingereza, wamenasa miibani ukingoni kabisa mwa bahari. Wengine waliisoma picha hiyo kama onyo kwamba pwani haina mlinzi, kwani hofu ya uvamizi kutoka Ufaransa ilikuwa imepanda. Jua linapenya masikio ya kondoo mpaka yanakuwa mekundu kwa damu iliyomo ndani.

Jean-François Millet alikuwa mtoto wa wakulima wa Normandy, na inaonekana. Mwaka 1864 alileta kwenye maonyesho makubwa ya Paris picha ya msichana mchungaji kwenye tambarare. Anga ni kubwa, jua limejificha nyuma ya mawingu, kundi limejibana nyuma yake kama mwili mmoja mpana unaokula. Msichana amesimama, kichwa kimeinama, na wengi hudhani anasali. Tazameni mikono: anafuma. Baada ya karne nyingi za zumari na mashada ya maua, hatimaye mtu alikumbuka kwamba sufu ni kazi, na kwamba anayechunga huwa na mikono isiyokaa bure.

Namalizia na Paris nyingine, ile iliyokuwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Mwaka 1943, baada ya michoro mingi ya maandalizi, Pablo Picasso alifinyanga kwa udongo mtu mwenye kondoo, mrefu kupita mita 2, ambaye baadaye alimiminwa kwa shaba. Ni mtu mwenye upara, uchi, miguu myembamba. Kondoo hayuko mabegani kama yule wa katakombe. Amekumbatiwa kifuani, mbele, na hajaridhika. Shingo ameinyoosha nje ya mikono, kichwa kimepinda, mdomo unalia. Picasso alikataa kwamba ni kazi ya dini. Mwaka 1950 ilisimamishwa uwanjani katika mji wa Vallauris, kusini mwa Ufaransa, naye alitaka watoto waweze kuipanda.

Mkono mmoja wa mtu huyo umeikamata miguu ya kondoo kwa pamoja, umeikaza kama kamba ya Zurbarán. Nimemzunguka mara nyingi katika picha zilizopigwa pande zote, nikitafuta dalili usoni mwake kama anamtoa kondoo hatarini au anampeleka machinjoni. Uso hausemi. Nitaiacha ukutani hapa mpaka tutakapofunga ukumbi. Msogelee, na muanze na ile shingo.